Kisu Kwanza, Waya Baadaye

Kwa karibu nusu karne, mtu mzima aliyekwenda hospitali kubwa ya Ulaya au Marekani akilalamikia taya la chini lililotokeza mno alipewa maelezo yaleyale. Angefungwa waya kwenye meno. Angekaa nazo mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu, pengine zaidi, ndipo apasuliwe. Na katika kipindi hicho chote sura yake ingezidi kuharibika. Meno yake ya chini yangesukumwa mbele kuliko yalivyokuwa, ya juu yangevutwa nyuma, mdomo wa chini ungezidi kutokeza, na chakula alichokwisha kuzoea kukitafuna kwa ujanja wake kingeanza kumshinda. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 ulikuta kwamba kipindi hiki cha matayarisho kilimchukua mgonjwa wa katikati miezi 17. Wapo waliomaliza kwa miezi 7, na wapo waliongoja miezi 47.

Madaktari walikuwa na sababu. Mtu anapokua na taya la chini refu kuliko la juu, meno yake hayakai kimya. Ulimi huyasukuma ya juu kwenda mbele, mdomo huyalaza ya chini kuelekea ndani, hadi safu mbili zikaribiane kadiri zinavyoweza. Baada ya miaka kadhaa kasoro ya mfupa inakuwa imefunikwa na meno, kwa sehemu. Mpasuaji akilirudisha taya nyuma wakati meno bado yamelala hivyo, meno yatagongana kabla mfupa haujafika unapotakiwa kufika. Kwa hiyo, walisema, kwanza meno yasimamishwe wima juu ya mifupa yake, kasoro ijitokeze yote, ndipo kisu kiingie.

Utaratibu huo wa waya, kisha kisu, kisha waya tena, ulifundishwa kwa msisitizo mkubwa kiasi cha kumfanya mwanafunzi aamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo ilivyokuwa. Mwanzoni kisu ndicho kilichotangulia, na mara nyingi kilitangulia peke yake, maana hapakuwa na waya za kukifuata. Safari ya kutoka kisu kwenda waya, na kutoka waya kurudi kwenye kisu, imeongozwa na swali moja lisilokwisha: taya likishakatwa na kusogezwa, ni kitu gani kinalizuia lisirudi lilikotoka?

Mji wa Wheeling uko kando ya mto Ohio, mahali ambapo zamani hizo palikuwa Virginia na leo ni West Virginia. Hapo Simon Hullihen, daktari aliyejikita katika magonjwa ya kinywa na uso, alimpokea mwanamke kijana wa miaka 20 aliyeungua shingo na kifua utotoni. Kovu la moto lilikuwa limejikunja mwaka hata mwaka na kuuvuta uso wake chini. Taya nalo lilikua likiufuata mvuto huo. Sehemu yake ya mbele ilirefuka, meno yakatazama nje, mdomo ukawa haufungiki. Hullihen alikata vipande vya mfupa vyenye umbo la kabari, akaitenga sehemu ya mbele yenye meno bila kuukata ukingo wa chini wa taya, kisha akairudisha nyuma na kuishikilia kwa kibati kilichotengenezwa kufuata ukungu wa meno yenyewe. Baada ya hapo alilishughulikia kovu la shingo, na mwisho mdomo wa chini.

Habari hiyo aliichapisha mwaka 1849, na wanaoandika historia ya upasuaji wa kurekebisha taya huanza kuhesabu hapo. Mimi huvutiwa zaidi na yale aliyoyafanya baada ya mfupa. Hullihen aliona kwamba kovu lingeachwa, lingelivuta taya kama lilivyolivuta mwanzo. Kuusogeza mfupa bila kuiondoa nguvu iliyouharibu kungekuwa kazi bure. Itachukua zaidi ya miaka 100 kabla ya wapasuaji kulipima jambo hilo kwa milimita.

Mwaka 1897 mpasuaji kijana wa St. Louis, Vilray Blair, alilikata taya la chini pande zote mbili, akatoa kipande cha mfupa kila upande, na kuusogeza nyuma upinde mzima wa meno. Mji huohuo ulikuwa na Edward Angle, ambaye mwaka 1899 alitoa mgawanyo wa makundi matatu ya namna meno yanavyoumana, mgawanyo unaotumika mpaka leo. Wenye taya la chini lililotangulia ni kundi la tatu. Kwa hiyo mwenye kisu na mwenye waya walikuwa mji mmoja, tena walifahamiana. Mwaka 1907 Blair aliandika kwamba kasoro za mifupa ya uso ni kazi ya mpasuaji, lakini kadiri mtaalamu wa kupanga meno anavyoshirikishwa mapema ndivyo mpasuaji na mgonjwa wanavyonufaika. Ushauri ulikuwa mzuri. Kwa miongo kadhaa ulifuatwa na wachache.

Vita viwili vya dunia vilijaza hospitali askari wenye nyuso zilizovunjika, na waliojifunza kulifunga taya lililovunjwa kwa risasi walijifunza pia kulivunja kwa makusudi. Huko Lille, Ufaransa, René Le Fort alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1901, kwa kuvipiga vichwa vya maiti na kuchunguza nyufa, kwamba mifupa ya katikati ya uso huvunjika kwa kufuata njia chache zinazojirudia. Ufa wa chini kabisa hupita juu ya mizizi ya meno ya juu. Mwaka 1927 Martin Wassmund, Mjerumani, aliufuata mstari huo kwa patasi ili kulisogeza taya la juu. Hakuthubutu kulitenganisha kabisa. Alilikata, akaliacha limeshikilia nyuma, kisha akalivuta polepole kwa mpira. Hofu ilikuwa damu: taya la juu likiachanishwa na fuvu litalishwa na nini? Jibu lilikuja miaka ya 1970, pale William Bell, Mmarekani, alipowafanyia nyani upasuaji huo na kuonyesha kwamba nyama ya kaakaa na ufizi ikiachwa imeshikamana na mfupa, damu inatosha.

Lakini nimekimbia mbele. Kabla ya Bell kuna jambo la mwaka 1931 ambalo mara nyingi hurukwa, kwa kuwa halikutokea kwenye chumba cha upasuaji. Mwaka huo Holly Broadbent huko Cleveland na Herbert Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza namna ya kukishika kichwa cha mtu mahali palepale kila anapopigwa eksirei, ili picha ya leo iweze kuwekwa juu ya picha ya mwakani na tofauti ipimwe. Bila hilo hakuna historia ya kusimulia kuhusu uthabiti. Kabla yake, mpasuaji aliyemwona mgonjwa wake mwaka mmoja baadaye aliweza kusema kidevu kimetulia, au kimerudi kidogo, kwa macho yake na kwa matumaini yake. Baada yake alilazimika kutaja namba, na namba hazikuwa na huruma.

Sasa twende Graz, Austria, mwaka 1953. Hugo Obwegeser alikuwa daktari wa miaka thelathini na kitu, akifanya kazi chini ya Richard Trauner. Njia zilizokuwapo za kulikata taya la chini zilikuwa na kasoro mbili. Nyingi zilipitia kwenye ngozi ya shavu au shingo na kuacha kovu. Pia zilikata mfupa moja kwa moja, kwa hiyo baada ya kusogezwa vipande viligusana kwenye uso mwembamba tu, na mahali pa namna hiyo hapaungi upesi. Obwegeser aliingilia mdomoni. Sehemu ya nyuma ya taya, ile inayopanda kuelekea sikio, aliipasua kwa urefu wake kama seremala anavyopasua ubao kwa kufuata nyuzi. Kipande cha nje kilibaki na kichwa cha taya kinachocheza ndani ya kiungio karibu na sikio. Kipande cha ndani kilibeba meno na mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini. Vipande viwili viliweza kuteleza kimoja juu ya kingine, mbele au nyuma, na bado vikabaki vimegusana kwa upana mkubwa.

Ni upasuaji mzuri sana, na una bei yake. Mshipa ule wa fahamu unapita palepale mfupa unapopasuliwa, na wagonjwa wengi huamka na mdomo wa chini uliokufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi. Kwa wengine hazirudi zote. Giorgio Dal Pont wa Italia aliuboresha mkato huo mwaka 1961, na wengine wakaendelea kuuboresha. Mwaka 1966 Obwegeser alialikwa Washington, kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed, akawaonyesha wapasuaji wa Marekani kazi zake. Waliohudhuria walirudi makwao na kuanza kukata. Mwaka 1970 alichapisha habari ya kuyasogeza mataya yote mawili kwa mara moja, la juu mbele na la chini nyuma.

Hapo ndipo wataalamu wa waya walipoitwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wagonjwa wengi walipasuliwa bila kupangwa meno, na matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Taya lilifika mahali pazuri, meno hayakuumana. Taya lisilo na mahali pa kutua huyumba. Waya zilipoboreshwa, zikawa zinaweza kubandikwa kwenye jino moja moja bila kulizungushia pete, mtu mzima alikubali kuzivaa kwa urahisi zaidi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kanuni ilikuwa imekamilika: panga meno, kata mfupa, malizia kupanga.

Kushikilia mfupa kulikuwa tatizo la peke yake. Wagonjwa wa kwanza wa upasuaji wa Obwegeser walifungwa mfupa kwa waya, kisha taya la juu na la chini yakafungwa pamoja kwa wiki kama 6 hivi. Mtu alikula kwa mrija. Alikonda. Kando ya kitanda ziliwekwa koleo za kukatia waya, iwapo angetapika usiku na kukosa hewa. Na pamoja na kufungwa kote huko mfupa uliendelea kusogea, maana waya mwembamba huzuia vipande visiachane lakini hauvizuii kuteleza. Suluhisho lilitoka Ulaya ya katikati. Bernd Spiessl wa Basel alieleza mwaka 1974 namna ya kuvibana vipande viwili kwa skrubu. Maxime Champy na wenzake huko Strasbourg waliendeleza vibati vidogo vinavyofungwa kwa skrubu fupi. Mgonjwa aliyefungwa hivi aliweza kufungua kinywa baada ya siku chache.

Ilidhaniwa kwamba vibati vimelimaliza suala la taya kurudi. Havikulimaliza. Viliondoa sababu moja, ya mfupa kuteleza kabla haujaunga, na kwa kuiondoa vikazianika zilizobaki. Huko Chapel Hill, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, William Proffit na wenzake walikuwa wamekusanya picha za wagonjwa wao kwa miaka mingi. Mwaka 1996 walichapisha orodha iliyopanga aina za upasuaji kuanzia ile inayotulia zaidi hadi ile inayotulia kidogo zaidi, na mwaka 2007 wakaipitia upya. Kulipandisha taya la juu ni jambo la kuaminika mno. Kulileta mbele taya la chini la mtu mwenye uso usio mrefu ni jambo la kuaminika. Chini kabisa ya orodha yalikaa mambo matatu: kulishusha taya la juu, kulipanua, na kulirudisha nyuma taya la chini peke yake.

Hilo la mwisho liangaliwe vizuri, maana ndilo lenye uzito katika yanayofuata. Wengi wa wagonjwa wanaopasuliwa Asia ya Mashariki ni wa kundi la tatu la Angle, na wanachohitaji ni taya la chini lirudi nyuma. Misuli mikubwa ya kutafunia imeshika kipande cha nje, kile chenye kichwa cha taya. Mpasuaji anapolirudisha nyuma taya ni rahisi sana kukisukuma kipande hicho nyuma pamoja nalo bila kukusudia. Misuli huvutika. Mgonjwa akiamka na kuanza kufumba na kufumbua, misuli hukirudisha kipande hicho mahali ilipokizoea, na kipande huja na taya zima, maana sasa vimefungwa skrubu pamoja. Kidevu kinarudi mbele milimita moja, mbili, tatu. Kovu la msichana wa Wheeling limekuja kwa sura nyingine.

Wazo la kuanza na kisu liliandikwa mwaka 1991 na wataalamu watatu wa Ujerumani, Brachvogel, Berten na Hausamen. Hoja yao ilikuwa ya kimaumbile kabisa. Wakati wa kupanga meno kabla ya upasuaji, mtaalamu wa waya anashindana na ulimi na midomo, ambavyo vimeyalaza meno vilivyoyalaza kwa sababu taya liko mahali pabaya. Lirekebishe taya kwanza, na ulimi na midomo vitaanza kufanya kazi upande wako. Hoja ilieleweka. Kuitekeleza kulihitaji mambo mawili ambayo mwaka 1991 hayakuwa tayari: nguvu ya kuyasogeza meno umbali mrefu baada ya upasuaji, na uwezo wa kukisia, kabla ya kukata, meno yatakuwa wapi mwaka mmoja baadaye.

Nguvu ilipatikana Sendai, kaskazini mwa Japani. Junji Sugawara na wenzake wa huko walikuwa tangu miaka ya 1990 wakifunga vibati vidogo vya titani chini ya mfupa wa shavu na kwenye taya la chini, ncha ya kibati ikitokeza kidogo kwenye ufizi. Kabla ya hapo mtaalamu wa waya alipotaka kulivuta jino alilazimika kulishikiza kwenye jino jingine, na jino hilo nalo likavutika upande wa pili. Kibati kilichofungwa kwenye mfupa hakivutiki. Kwa kukishikiza hicho waliweza kuisukuma nyuma safu nzima ya magego, au kuyazamisha, jambo ambalo kizazi cha Angle kingelihesabu kuwa muujiza. Mwaka 2009 Nagasaka, Sugawara na wenzao, akiwamo Ravindra Nanda wa Marekani, walichapisha kisa cha mgonjwa wa kundi la tatu aliyepasuliwa kwanza na kupangwa meno baadaye kwa vibati hivyo. Matibabu yote yalichukua takriban mwaka mmoja. Wasomaji waliokuwa wamezoea kungoja miezi 17 kabla hata ya kisu walisoma mara mbili.

Taiwan iliongeza kitu ambacho hakikutarajiwa. Hospitali ya Chang Gung, ambayo mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari mmisionari Samuel Noordhoff aliyejulikana kwa kuwatibu watoto wenye mdomo sungura, ilikuwa imekuwa moja ya vituo vikubwa vya upasuaji wa uso duniani. Mwaka 2011 Eric Liou na wenzake wa hapo walichapisha kazi waliyoifanya kwa wagonjwa 22. Walipima katika damu yao viashiria viwili, kimoja cha mfupa unaobomolewa, kingine cha mfupa unaojengwa, kabla na baada ya upasuaji. Vyote viwili vilipanda na kubaki juu kwa miezi 3 hadi 4. Wakati huohuo meno ya mbele yalilegea kidogo zaidi ya kawaida.

Mtu aliyelitabiri jambo hilo hakuwa daktari wa meno. Harold Frost, mtaalamu wa mifupa wa Marekani, alieleza mwaka 1983 kwamba mfupa ukijeruhiwa, eneo lote la jirani hushikwa na harakati: seli za kubomoa na za kujenga hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko kawaida kwa muda, kisha hutulia. Köle wa Austria alikwisha kuona mwaka 1959 kwamba ganda la mfupa likikatwa kuzunguka meno, meno husogea upesi, ila alidhani anasogeza vipande vizima vya mfupa. Ikawa sasa upasuaji wa taya ni jeraha la namna hiyo, kubwa na la makusudi. Utaratibu wa zamani uliipoteza miezi hiyo mitatu au minne, kwa kuwa waya zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yao kubwa kabla ya jeraha. Ukitanguliza kisu, unaikuta kazi kubwa mbele yako wakati mfupa uko laini zaidi.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yakijumlisha wagonjwa karibu 300, yalikuta wastani wa matibabu yote kwa njia hii ni miezi 14 hivi. Na kuna faida isiyopimwa kwa eksirei. Mgonjwa anaiona sura mpya mwanzoni mwa safari badala ya mwisho, halafu anavumilia waya akiwa tayari na alichokitafuta. Kliniki za Seoul zililielewa hilo haraka, na matangazo yao yalilitumia vizuri, wakati mwingine vizuri kuliko ushahidi ulivyoruhusu.

Ndipo swali la zamani likarudi. Taya linatulia?

Tatizo linaonekana ukiwaza kinachotokea mezani. Meno hayajapangwa. Taya la chini limerudishwa nyuma, lakini jino moja au mawili yanagongana na ya juu kabla ya mengine kukutana, na taya linabaki limefunguka kidogo, likining'inia juu ya sehemu hizo chache. Kidevu kimeshuka na kurudi nyuma. Kisha waya zinaanza kazi, meno yaliyogongana yanasawazishwa, na taya linajifunga. Linapojifunga linazunguka kwenye kiungio chake karibu na sikio, kidevu kinapanda juu na kuja mbele. Hakuna mfupa ulioteleza, hakuna skrubu iliyolegea, lakini picha ya eksirei inaonyesha kidevu kimerudi kuelekea kilikotoka.

Watafiti wa Korea Kusini waliipima tofauti hiyo mwaka 2014 kwa wagonjwa 61 waliorudishwa taya la chini nyuma, 23 kati yao kwa kutanguliza kisu na 38 kwa njia ya kawaida. Waliotanguliza kisu, taya lilirudi mbele kwa wastani wa milimita 2.4. Wa njia ya kawaida, milimita 1.6. Ukisoma wastani huo haraka utasema tofauti ni ndogo, na ni kweli: chini ya milimita moja haionekani usoni. Lakini wastani huficha watu. Waliorudi zaidi ya milimita 3 walikuwa asilimia 39.1 ya kundi la kwanza, na asilimia 15.8 ya kundi la pili. Mgonjwa haishi na wastani, anaishi na milimita zake.

Ellen Ko na wenzake wa Chang Gung walikuwa wamelinganisha makundi mawili ya namna hiyo mwaka 2011, na wao hawakukuta tofauti kubwa ya uthabiti. Miaka miwili baadaye waliuliza swali lenye manufaa zaidi: miongoni mwa waliotanguliza kisu, ni akina nani ambao taya lao halikutulia? Wakakuta ni wale ambao meno yao ya mbele yalifunikana sana kwa kina, wale ambao safu yao ya meno ya chini imezama katikati kama bonde, na wale ambao taya lilihitaji kurudishwa nyuma umbali mrefu. Mawili ya kwanza ni mambo ya meno, na ndiyo hayohayo yanayolifanya taya libaki limefunguka baada ya upasuaji. La tatu ni la misuli, lile lililokaa chini kabisa ya orodha ya Proffit.

Kwa maoni yangu tafiti hizi hazigongani kama zinavyoonekana. Kutanguliza kisu hakukuongeza nguvu mpya ya kulirudisha taya. Kulichofanya ni kuuhamisha wakati wa kutokuwa na uhakika. Kwa utaratibu wa zamani meno yalisumbua kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa na waya na mpasuaji akiwa hajaitwa. Kwa utaratibu mpya yanasumbua baada yake, taya likiwa limekatwa tayari, na kila milimita ya meno inayosogezwa inalisogeza na taya. Kwa hiyo neno kurudi lenyewe limekuwa gumu kulitumia. Sehemu ya mwendo huo mpasuaji mwenye uzoefu ameshaihesabu. Analirudisha taya nyuma kuliko inavyohitajika, akijua litakuja mbele meno yatakapokaa sawa, na msomaji wa eksirei asiyeujua mpango huo ataandika kwamba matibabu yameshindwa kwa milimita mbili.

Kuhesabu huko kumerahisishwa na kompyuta. Picha za pande tatu za fuvu na meno huunganishwa, mpasuaji na mtaalamu wa waya hukaa mbele ya skrini moja, wanayapanga meno kama yatakavyokuwa mwishoni, wanalitafuta taya linalolingana na mpangilio huo, kisha wanayarudisha meno yalivyo leo na kuona taya litakaa wapi siku ya upasuaji. Kipande cha plastiki cha kuyaongoza meno mezani huchapwa kutokana na hesabu hizo. Zamani kazi hii ilifanywa kwa sanamu za plasta, msumeno mdogo na nta. Sanamu hizo bado zipo kwenye kabati za vituo vingi, na wapo wakongwe wasiokubali kuingia chumba cha upasuaji kabla hawajazishika mkononi.

Vituo vingi sasa havifuati utaratibu mmoja. Kuna waliochagua njia ya kati: waya huvaliwa mwezi mmoja au miwili tu, meno machache yanayoziba njia yasogezwe, ndipo taya likatwe. Wenye meno yaliyobanana vibaya, wenye bonde refu kwenye safu ya chini, na wenye kichwa cha taya kinacholika kiungoni, wengi wao huambiwa wangoje kama walivyongoja wagonjwa wa miaka ya 1980. Kwa wengine uamuzi hufikiwa kwa kuisogeza safu ya chini juu ya ya juu, kwenye plasta au kwenye skrini, na kutafuta angalau sehemu tatu zinazogusana kwa uthabiti, nyuma kulia, nyuma kushoto na mbele. Zikipatikana, tarehe ya upasuaji hupangwa, na mtaalamu wa waya huanza kazi yake wiki chache baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani.